Binti kapata 3 kati ya 20 kwenye moli, nikampeleka dukani tukahesabu misumari

BabaMisumari

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Kayole, na kemia niliachana nayo kidato cha pili kwa amani. Ijumaa binti yangu wa kidato cha tatu kaniletea karatasi ya mtihani: 3 kati ya 20. Kalamu nyekundu imejaa kwenye maswali ya moli. Nikamuuliza, moli ni nini? Akajibu kama kasuku, "kiasi cha dutu chenye chembe 6.02 × 10²³." Na maana yake? Kimya. Akanichorea pembetatu, gramu juu, moli na uzani chini, ati ukifunika moja kwa kidole unapata njia.

Jumamosi nikamchukua dukani. Fundi akija kwangu hasemi nihesabie misumari 500 ya inchi 4. Anasema nipimie kilo 6. Yeye anajua, nami najua, kwamba humo ndani mna kama 500, na hakuna aliyekaa kuhesabu. Basi nikampa binti ndoo mbili, moja ya inchi 4, nyingine ya inchi 2, nikamwambia ahesabu 100 kwa kila ndoo aweke kwenye mizani. Za inchi 4 zikagonga kilo 1 na gramu 200. Za inchi 2, gramu 240.

Nikamuuliza: mteja akitaka idadi sawa ya aina zote mbili, utampimia nini na nini? Akasema kilo moja kwa kilo moja. Sikujibu, nikaendelea kupanga rangi kwenye rafu. Baada ya dakika mbili hivi nikasikia, "Baba, ngoja. Huu mkubwa ni mzito mara 5. Ukimpa kilo 5 za inchi 4, mpe kilo 1 ya inchi 2." Halafu akashika kichwa: "Kumbe ile 24 ya magnesiamu na 12 ya kaboni ndiyo hii!"

Mimi sijui 24 ya nani, lakini nilifurahi.

Sasa tumekwama hapa. Swali lenyewe linasema gramu 4.8 za magnesiamu zimechomwa zote kwenye oksijeni, tafuta gramu za magnesiamu oksidi. Mlinganyo ni 2Mg + O₂ → 2MgO. Yeye aliandika 9.6. Mwalimu wake kaweka mkasi tu, bila neno. Kwa nini si 9.6? Niandikieni polepole, mimi ni mtu wa misumari.

Mwalimu_Eastlando

Mzee, kwa ndoo mbili umefundisha kitu ambacho mimi hukifundisha wiki nzima nikapata nusu ya darasa.

Hilo kosa nalijua kama ninavyojua njia ya kwangu. Ameona 2 mbele ya Mg akazidisha gramu kwa 2. Ile 2 haijui gramu. Mlinganyo wa kemikali ni lugha ya idadi peke yake: atomu 2 za magnesiamu, molekuli 1 ya oksijeni, zinatoka oksidi 2. Ni kama kusema mlango mmoja unataka bawaba 3. Hakuna aliyetaja uzito wa mlango.

Kwa hivyo gramu lazima zigeuzwe idadi kwanza. Moli moja ya magnesiamu ina gramu 24, kwa hivyo gramu 4.8 gawanya kwa 24, unapata moli 0.2. Sasa ndiyo unauliza mlinganyo: 2 kwa 2, maana yake moja kwa moja, basi oksidi nayo ni moli 0.2. Uzani wa MgO ni 24 ya magnesiamu na 16 ya oksijeni, jumla 40. Zidisha 0.2 kwa 40, jibu gramu 8.0.

Mwambie ajihakikishie mwenyewe. Oksijeni iliyoingia ni nusu ya magnesiamu, moli 0.1, ambayo kwa 32 (O₂ ni 16 mara 2) ni gramu 3.2. Ukijumlisha 3.2 na 4.8 unarudi kwenye 8.0. Kama jibu lingekuwa 9.6, gramu 1.6 zingekuwa zimetoka wapi, mbinguni?

Na ile pembetatu naichukia, niseme wazi. Inampa mtoto jibu la kufunika kwa kidole bila kumwambia anahesabu nini. Ikija pembetatu ya gesi, ya mkusanyiko, ya chembe, anakuwa na pembetatu 4 kichwani na hajui avae ipi.

Dereva58

Haya yote mazuri, lakini niulize swali la mtaani. Huyo msichana akimaliza shule, hiyo moli atailipia kodi? Mimi naendesha matatu ya Buruburu miaka 11, hakuna abiria amewahi kuniuliza magnesiamu.

SabuniKariobangi

Dereva58, mimi hiyo moli ilikaribia kunifungia biashara, kwa hivyo nisikilize.

Napika sabuni ya mche huku Kariobangi. Nilianza na mafuta ya nazi: kilo 10 za mafuta, kilo 1.83 za kostiki. Nilipewa kipimo hicho na jamaa aliyenifundisha, sikuuliza kimetoka wapi. Bei ya nazi ikanipanda kichwani, nikahamia mawese. Nikafanya hesabu yangu ya kienyeji: mafuta ni mafuta, kilo 10 ni kilo 10, kostiki ile ile. Sabuni ikatoka ngumu, nzuri, inakata kama jibini. Nikauza yote.

Wiki ya pili mama fua mmoja mteja wangu akaja na mfuko wake umebaki vipande viwili. Hakupiga kelele. Alinionyesha tu vidole, ngozi imechubuka kwenye viungo kama mtu aliyeshika pilipili siku tatu. Akasema, "Kijana, sabuni yako inakula." Nilimrudishia pesa na nikakosa usingizi.

Mpangaji mwenzangu aliyesoma kemia ndiye alinikalisha chini na daftari. Kila molekuli ya mafuta inataka molekuli 3 za hidroksidi ya sodiamu, ndiyo hiyo kostiki, iwe ya nazi au ya mawese. Lakini molekuli ya mafuta ya nazi ni nyepesi, uzani wake wa wastani ni kama 655. Ya mawese ni nzito, kama 850. Ni ile ile misumari ya Baba hapo juu. Kilo 10 za msumari mzito zina misumari michache.

Mawese: gramu 10,000 kwa 850 ni moli 11.8. Mara 3 ni 35.3. Hidroksidi ya sodiamu ina uzani wa 40, basi kostiki inayohitajika ni kama kilo 1.41. Mimi nilitia 1.83. Zaidi ya gramu 400 za kostiki zilibaki ndani ya sabuni zikingoja mikono ya watu.

Siku hizi natia hata pungufu kidogo, sabuni ibaki na mafuta mafuta. Na nikibadilisha pipa, daftari kwanza.

Dereva58

Hapo umenigusa. Pole kwa mama fua.

MamaNafaka

Mimi niko Nyamakima na nina swali, msinicheke. Hii ya kupima kwa uzito nimeielewa, kwa sababu sisi hupimia kwa gorogoro, ule mkebe wa nafaka, na gorogoro ya maharagwe na gorogoro ya mahindi hazina uzito sawa, na punje si idadi sawa, ukijaza omena ndiyo kabisa. Lakini kijana wangu ana daftari limeandikwa gesi YOYOTE moli 1 ni lita 24. Yoyote? Kwa nini gesi zikubali gorogoro moja na nafaka zikatae?

Mwalimu_Eastlando

Mama, hilo swali ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani, na gorogoro naiiba leo.

Punje za maharagwe zimegusana. Ukubwa wa punje ndio unaojaza mkebe. Kwenye gesi molekuli ziko mbalimbali sana, nafasi kati yake ni kubwa kuliko zenyewe, kwa hivyo ukubwa wa molekuli hauonekani kwenye kipimo. Kinachoamua ujazo ni idadi yake, joto na shinikizo. Ndiyo maana hidrojeni nyepesi ya gramu 2 na kaboni dioksidi nzito ya gramu 44 zinajaza lita 24 zile zile, zikiwa kwenye joto la kawaida la chumba. Ukishusha joto hadi nyuzi 0 kwenye shinikizo la kawaida, zinajibana zinakuwa lita 22.4. Watoto wengi hupoteza alama hapo: swali limempa 22.4, yeye ametia 24 kwa mazoea.

Aliyesema hivyo kwanza, kwamba gesi za ujazo sawa, joto sawa, shinikizo sawa, zina molekuli idadi sawa, ni Mwitaliano Amedeo Avogadro, mwaka 1811. Jina lake kamili ni Lorenzo Romano Amedeo Carlo Avogadro, tena alikuwa na cheo cha ukabaila juu yake, jina refu kama risiti ya supamaketi. Ile namba ya 6.02 × 10²³ hakuihesabu yeye. Alikufa mwaka 1856 bila kuijua. Ni Mfaransa Jean Perrin, mwaka 1909, aliyependekeza ipewe jina la Avogadro. Na tangu Mei 2019 namba yenyewe imefungwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³, hakuna tena kuipima. Mtihani wetu hutosheka na 6.0 au 6.02, soma karatasi imekupa ipi.

BabaMisumari

Mwalimu, hiyo namba ni kubwa kiasi gani kwa mtu wa kawaida? Ukiandika 10²³ mimi naona kama namba ya simu.

Mwalimu_Eastlando

Chukua Wakenya wote wa sensa ya 2019, karibu milioni 47.6, watoto wachanga na wazee. Kila mmoja ahesabu atomu moja kila sekunde, bila kulala, bila kula. Watamaliza moli moja baada ya miaka milioni 400 hivi.

Na msumari wako wa inchi 4, wenye gramu 12? Huo ni chuma karibu wote, na chuma ni 56. Gawanya 12 kwa 56, zidisha kwa 6.02 × 10²³. Mwambie binti alete jibu hapa kesho.

MtuWaMaabara

Nimesoma kimya lakini sasa niingie, maana mnazungumza moli kama ya kwenye karatasi tu. Mimi ndiye natengeneza michanganyiko ya maabara shuleni, na nimewahi kuaibika nayo.

Kulikuwa na jaribio la kujiandaa kwa karatasi ya tatu, ile ya vitendo ya alama 40. Nilitakiwa kutengeneza sodiamu kabonati ya moli 0.1 kwa lita. Kabonati kavu ina uzani wa 106, kwa hivyo gramu 10.6 kwenye lita. Nikapima 10.6 sawasawa, mizani haikudanganya. Nikajaza maji hadi alama ya lita, nikaandika lebo, nikaenda kunywa chai.

Watoto wakaanza. Bureti, ule mrija wa kioo wenye alama na bomba la kudondoshea, ina asidi ya hidrokloriki ya moli 0.2 kwa lita, chupa ina sentimita za ujazo 25 za kabonati na matone ya methili chungwa, rangi inayogeuka asidi ikitosha. Hesabu inasema rangi ibadilike kwenye 25.0 hivi. Yule wa kwanza akapata 9.3. Akatazama huku na huku, akamwaga, akarudia. 9.2. Wa jirani 9.3. Mmoja msichana akafungua bomba la bureti akaiachia hadi 25 kwa nguvu, chupa ikawa nyekundu kama Fanta ya stroberi, akaandika 25.0 kwenye jedwali. Simlaumu. Alijua jibu "linalotakiwa".

Nikaenda stoo nikasoma chupa. Na₂CO₃·10H₂O. Fuwele zenye maji, uzani 286. Gramu 10.6 za hizo ni moli 0.037 tu. Zidisha kwa lita 0.025, mara 2 kwa sababu kabonati moja inakula asidi mbili, gawanya kwa 0.2: lita 0.00927, ndiyo sentimita za ujazo 9.27. Watoto walikuwa sahihi wote isipokuwa yule wa 25.0.

Tangu siku hiyo nasoma lebo kwa sauti, hata nikiwa peke yangu. Wenzangu huniona kama nimeanza kuugua.

Na mambo madogo ya titresheni, yaani hii ya kudondosha asidi hadi rangi igeuke, mkiwaambia watoto: hewa isibaki kwenye ncha ya bureti chini ya bomba, ikitoka katikati ya kazi inahesabiwa kama asidi. Toa faneli kabla ya kusoma, ile hudondosha tone wakati hutazami. Na kwa wastani chukua zile zilizokaribiana tu, ukiwa na 20.1, 20.0 na 20.8, hiyo ya mwisho iache ilale.

Kidato3Umoja

Shikamooni wakubwa. Mimi pia ni wa kidato cha tatu. Naomba msaada kwa hili, darasani tumegawanyika. Gramu 5 za kalsiamu kabonati zimetiwa kwenye sentimita za ujazo 50 za asidi ya hidrokloriki ya moli 1 kwa lita. Tafuta ujazo wa kaboni dioksidi, gesi ya moli 1 ikiwa lita 24.
CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Dereva58

Wacha nijaribu, nimechangamka leo. Kabonati 40 na 12 na 48, ni 100. Gramu 5 ni moli 0.05. Asidi 50 kwa 1000 mara 1, moli 0.05. Zimetoshana pacha! Gesi ni 0.05 mara 24, lita 1.2. Sentimita 1,200. Mwalimu, weka alama.

Kidato3Umoja

Hata mimi nilipata 1,200 lakini kuna wenzangu wana 600.

SabuniKariobangi

Nasema 600 ila sitaki kuharibia watoto utamu.

Dereva58

600 imetoka wapi na kila kitu kiko sawa? 0.05 na 0.05 bwana.

BabaMisumari

Huyu ni binti, nimeshika simu ya baba. Dereva58, shikamoo. Fikiria fundi wa Jua Kali ana fremu 50 za baiskeli na magurudumu 50. Ziko sawa, 50 kwa 50. Ataunda baiskeli ngapi?

Dereva58

Marahaba. Ishirini na

Ngoja.

Dereva58

Hiyo 2 mbele ya HCl. Nimeiona. Nilikuwa nimeipita kama stejini hakuna mtu.

BabaMisumari

Bado ni binti. Asidi ni moli 0.05, na kila kabonati inakula 2, kwa hivyo kabonati inayotumika ni 0.025. Gesi ni 0.025, mara 24 ni lita 0.6. Jibu 600.

Na mwalimu, ule msumari: 12 gawanya kwa 56 ni 0.214. Nimepata 1.29 × 10²³.

Mwalimu_Eastlando

600 nini? 1.29 × 10²³ nini?

BabaMisumari

Sentimita za ujazo. Na atomu za chuma. Na gramu 2.5 za kabonati zimebaki chini ya chupa hazijaguswa, hiyo hawakuuliza lakini nimeipata.

Mwalimu_Eastlando

Kwangu ungepata alama zote. Kitengo usikiache nyumbani tena. Jaribu hii: gramu 5.6 za unga wa chuma na gramu 4.0 za salfa zimechomwa pamoja, Fe + S → FeS. Kipi kinabaki, na ni gramu ngapi?

MamaNafaka

Naona kijana wangu pia ameshika kalamu hapa. Msiandike jibu kwanza.

BabaMisumari

Sasa ni baba. Amekwenda na jibu la gramu 0.8 za salfa, kaliandika nyuma ya risiti yangu ya simiti kabla Mama hajasema. Samahani Mama. Mimi nafunga duka, lakini misumari yake 200 imechanganyika yote juu ya kaunta, na kuna fundi hapa mlangoni anataka ya inchi 2 tu.